Mkanda Alioukatiza Shaibu

Mume wangu Shaibu hajui Kihindi, hajui Kichina, na Kiingereza chake kinaishia kwenye kusoma majina ya dawa. Lakini enzi zile za ruksa, yeye ndiye aliyekuwa akiwasemea Wahindi na Wachina wote waliotokea kwenye televisheni ya kibanda cha video cha Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alisimama kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, mkanda ukizunguka kwenye deki, na kila mdomo uliofunguka mle ndani yeye aliutia maneno ya Kiswahili. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Sisemi hivi kwa kuwa ni mume wangu. Mimi si mtu wa kumsifu Shaibu bure, na yeye mwenyewe atawaambia.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa hatulii. Aliponioa kule Newala aliniahidi tutalima korosho, na kabla mikorosho haijatoa hata ua tulikuwa tayari Dar, chumba kimoja Buguruni, tumezungukwa na mafundi gereji wanaogonga mabati tangu alfajiri. Akawa kuli bandarini, akaacha. Akauza mashati ya mitumba, akaacha. Akapata kazi kwa fundi wa redio, nayo akaacha, eti kule mtu anakaa kitako mchana kutwa mpaka anaota mizizi. Siku moja akaniaga anakwenda sokoni kununua mkaa, na habari zake nikaja kuzipata kutoka Mererani, kwenye machimbo. Alirudi na kikohozi, na jiwe moja la bluu ambalo sonara alilitazama mara moja tu akasema ni kipande cha chupa. Wakati huo mimi nilikuwa na mimba ya Sitara, mtoto wetu wa kwanza. Lile sijamsamehe, na anajua.

Kazi ya maikrofoni ilimjia kwa bahati. Kibanda kilikuwa cha Hemlata, mjane wa Kihindi aliyekaa Upanga. Marehemu mumewe, Ravindra, alimwachia duka la kanda za video, na Hemlata akaona haitoshi kuazimisha kanda, akakodi ua wa nyumba moja ya Kiswahili, akaezeka mabati, akapanga mabenchi. Mimi nilikuwa nauza vitumbua na chai ya tangawizi mlangoni. Siku moja filamu ya Kihindi ilikuwa inaendelea na sauti ikakatika. Watu wakaanza kupiga miluzi. Shaibu, aliyekuwa amekuja kuchukua kitumbua cha bure kama kawaida yake, akaanza kuwasemea waigizaji kutoka benchi la nyuma. Baba wa msichana akawa mwenye nyumba wa Kariakoo anayedai bomba lisiguswe, mchumba akawa kijana wa Buguruni aliyefukuzwa kazi kwa kuchelewa. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Kesho yake Hemlata alinunua maikrofoni.

Basi hapo nikaona kitu sijakiona tangu tuoane. Shaibu alitulia. Nilijiuliza sana kwa nini kazi ile, ya kusimama pale pale kila siku, haikumchosha. Nadhani ni kwa kuwa kila siku alikuwa mtu mwingine. Leo jambazi, kesho mama mkwe, keshokutwa bwana mkubwa wa Kichina anayelalamika mgao wa umeme. Hakuhitaji tena kupanda lori ili awe mahali pengine.

Alikuwa na mwiko wake mmoja wa kazi. Hakutazama mkanda wowote kabla ya siku yake. Alisema akiujua mwisho, ulimi unalala. Aliingia mle pamoja na watazamaji, akashtuka walipokuwa wakishtuka, na wakati mwingine alimpa mtu sauti ya upole halafu mtu huyo huyo akaja kuua wenzake, ikabidi Shaibu atafute njia ya kujitoa. Watu waliipenda hiyo kuliko yote.

Sasa nawaambia lililokuwa likininyima raha, mlijue mapema. Siku maikrofoni ile itakapomtoka mkononi, Shaibu ataondoka, na safari hiyo huenda asirudi. Nililijua hilo kama ninavyojua kuchanganya unga wangu. Kila nilipomsikia akiongea mle ndani, mimi nilikuwa nje nageuza vitumbua huku roho yangu iko juu juu.

Na siku hiyo ilianza kunukia. Vituo vya televisheni vilikuwa vimefunguliwa, watu wakanunua seti za mkopo na za magendo, mabenchi yetu yakaanza kupwaya. Dhruv, mtoto wa Hemlata, akawa anamwambia mama yake waache mambo ya video, pale pageuzwe stoo ya vyombo vya Dubai. Hemlata akakataa, lakini akasema wazi kwamba kibanda lazima kipate kitu ambacho televisheni hazina.

Kitu hicho kilikuja ndani ya boksi. Dhruv alikuwa amenunua kanda nyingi kwa pamoja kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na miongoni mwake ulikuwamo mkanda wenye picha ya msitu na mto. Dhruv akatusomea maandishi ya nyuma. Ulipigwa Amerika ya Kusini, ndani ya msitu wa Amazoni, na waliopiga ni wenyeji wenyewe, walifundishwa kamera wakaambiwa piga unachotaka. Ulionyesha ngoma zao na mila zao. Hemlata akachukua chaki akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WATU WA MSITUNI WAMEJIPIGA PICHA WENYEWE. JUMATANO, KINA MAMA. Jumatano ndiyo ilikuwa siku yetu wanawake.

Kibanda kilijaa. Nilimwachia Zena, jirani yangu wa Lindi, abebe sufuria ya vitumbua ndani, nikafunga biashara nikakaa benchi la mbele. Shaibu alipeperusha kanzu yake kidogo, kama anavyofanya akiwa na furaha, akawasha deki.

Picha ya kwanza ilikuwa mchanga mweupe na kivuli cha mtu aliyebeba kitu begani. Watoto walikuwa wanakuja mbio wakicheka, wakikielekea kile kivuli. Halafu bibi mmoja, ngozi imepakwa rangi nyekundu, akanyoosha mkono hadi karibu na jicho la kamera na kumpa mpiga picha kipande cha chakula. Shaibu akasema kwenye maikrofoni, "Mwangalieni vizuri huyu anayepiga picha. Mgeni hutengewa sahani. Huyu katiliwa mkononi, ni mtoto wa nyumba hii." Nikasikia wanawake nyuma yangu wakiguna kwa kukubali.

Wakafuata wanawake wanaokuna muhogo. Mwawajua wanawake wa Kusini: ukiwaonyesha muhogo umewapata. Walipoona wale wa msituni wanaukamua ule muhogo mchungu kutoa maji yake ya sumu, Zena akatangaza kibanda kizima kwamba hao ni Wamakonde waliopotea njia. Shaibu akawapa sauti za Newala, akawafanya wasalimiane kwa Kimakonde na kumsengenya mke wa chifu. Hata Hemlata, aliyekaa mlangoni kwenye meza ya tiketi, alikuwa anajipangusa machozi kwa ncha ya sari.

Ikaja ngoma. Wanaume wenye manyoya kichwani, miguu inapiga chini kwa pamoja, vumbi linaruka. Shaibu hakusema mengi hapo, aliacha miguu ipige, akawa anaitikia tu kama mtu aliyemo. Halafu jua likateremka kwenye picha na mambo yakabadilika. Wanaume walikuwa wamekwishaondoka kuelekea msituni. Wanawake walianza kuwaita watoto wadogo. Waliacha vyungu vyao motoni, wakaingia kwenye nyumba kubwa ya majani, mmoja mmoja, bila haraka na bila kugeuka nyuma. Mara tukasikia sauti. Ilikuwa nzito na ya chini, ya kitu kinachopulizwa, nami nilihisi inatoka chini ya benchi badala ya televisheni.

Shaibu akashusha maikrofoni. Nikamwangalia, naye alikuwa ananiangalia mimi. Kisha akasimama mbele ya kioo cha televisheni, akanyoosha mkono nyuma yake akazima deki.

"Kina mama, naomba mtoke," akasema. "Hii iliyobaki si yenu."

Kwanza walicheka, wakidhani ni sehemu ya filamu. Alipoanza kuutoa mkanda ndio wakaelewa. Zena akamuuliza kama amekunywa kitu. Mmoja akasema amelipa kama mwanamume anavyolipa, kwa nini atolewe. Wakasimama, wakataka warudishiwe chao, na benchi zikaanza kupinduliwa. Hemlata akapita katikati yao akiwa amenyoosha mkono kuomba mkanda wake. Shaibu alimpa. Si mwizi. Lakini hakutoka pale mbele ya televisheni mpaka mwanamke wa mwisho alipoondoka.

Hemlata hakupandisha sauti. Alimwambia Jumatano ijayo mkanda ule utachezwa mpaka mwisho, na kina mama watakuwamo. Kama Shaibu hawezi kuusemea, atakuja Safari. Huyo Safari alikuwa na kibanda Buguruni, mtu wa kupiga kelele tu, kila anayemsemea anakuwa na sauti ya mpiga debe. Shaibu akaweka maikrofoni juu ya televisheni, taratibu, akatoka.

Nilimsema njia nzima. Sikumhurumia hata kidogo, na nawaambia ukweli kwamba nilikuwa na hasira ya kumtupia sufuria. Nilimwambia watu wale wako ng'ambo ya bahari mbili, hawamjui, hawatamjua, wala sisi si wanawake wao. Nilimwambia Sitara anakula nini, anakula adabu? Akaniacha niseme. Tulipofika chumbani ndipo aliponijibu.

"Mama Sitara, wewe umeona wale wanawake wamefanya nini. Wameingia ndani. Filimbi ile haionwi na mwanamke, sihitaji kujua lugha yao ili nilijue hilo, nimepita jandoni. Sasa wao waliomo pale wamejiheshimu, halafu mimi niwakalishe nyinyi kwenye benchi muone, kwa kuwa wako mbali?"

"Mpiga picha ni wa kwao. Kama amepiga, amekubali."

"Labda amekosea. Mimi nisikosee juu ya kosa lake."

"Basi ungeutazama peke yako kwanza, ujue kama kweli wameonyesha."

"Hata mimi sikualikwa," akasema.

Mtu akikujibu hivyo utamfanya nini? Kuanzia hapo akawa hashikiki. Alikwenda Jangwani akawatazama vijana wanacheza mpira, akarudi kabla ya goli la kwanza. Akaenda Kariakoo, akazunguka soko, akarudi na nyanya mbili. Akakaa, akasimama, akatoka tena. Kisha nikasikia kwa watu kwamba ameonekana na Wilbert, utingo mmoja wa lori, na kwamba lori linakwenda Arusha Alhamisi. Kutoka Arusha hadi Mererani ni hatua. Nilipomuuliza alisema wanaongea tu.

Jumatatu nikamwacha mtoto kwa Zena, nikavaa khanga safi, nikapita Faya kwenda Upanga. Nilikuwa sijawahi kufika nyumbani kwa Hemlata. Ilikuwa ghorofa ya pili, kuna viatu vimepangwa nje ya mlango, na ndani picha kubwa ya Ravindra imevishwa shada la maua. Alinikaribisha, akaniwekea chai yenye maziwa mengi na iliki. Nikamwomba auache mkanda ule. Aweke wa ngumi, aweke wa mapenzi, aweke wowote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tangu Jumatano Kariakoo nzima inauliza juu ya mkanda aliouzima Shaibu. Wamekuja wanawake mpaka kutoka Temeke kuuliza siku. Asipouonyesha kibanda kimekufa, na Dhruv ameshapima ua kwa ajili ya makabati yake ya vyombo.

"Usidhani sielewi," akaniambia. "Hata hekaluni kwetu pazia hufungwa wakati mungu anakula, na hakuna anayelichungulia. Lakini pazia la kwetu nalijua liko wapi. Hili la watu wa msituni mimi na wewe hatujui hata kama lipo. Anajua nani? Tuutazame."

Akasimama akaufuata mkanda chumbani.

Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Mnaelewa nilikuwa wapi? Kama mkanda unaonyesha kitu kile, basi nitakuwa nimekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kutazama kile ambacho mume wangu ametupa riziki yake ili nisikione. Na kama hauonyeshi, ametupa riziki bure, na mimi ndiye ninayeweza kumrudishia. Nilifikiria kuaga. Nilifikiria kukaa na kufumba macho, Hemlata anisimulie, lakini hiyo ingekuwa kujidanganya. Hemlata akaingiza mkanda kwenye deki yake. Nikatazama. Nilitazama kwa macho yangu yote mawili, na sikujuta wakati ule na sijuti sasa.

Wanawake wakaingia kwenye nyumba ya majani kama tulivyoona. Sauti ile nzito ikaanza. Halafu picha ikatetemeka, ikaelekea chini, tukaona miguu, tukaona mikono miwili ikipokea kamera kutoka kwa mikono mingine. Na hapo, kwa mara ya kwanza, tukamwona mpiga picha mwenyewe. Alikuwa kijana mwembamba mwenye rangi nyeusi mabegani. Alimwambia neno aliyemwachia kamera, akacheka, akatoka nje kwenda walikokwenda wanaume. Kamera ikabaki ndani, mikononi mwa mwanamke. Yule bibi aliyempa chakula mwanzoni akauvuta mlango akaufunga huku anacheka, na kitasa kilikuwa upande wa ndani, upande wake yeye.

Hicho ndicho walichoonyesha. Hapakuwa na filimbi. Palikuwa na giza la nyumba, mwanga mwembamba kati ya majani, na wanawake wamekaa kwenye machela zao za kamba zinazoning'inia. Huko nje filimbi zinalia, zinakaribia, zinazunguka nyumba. Mama mmoja ananyonyesha. Mwingine anasuka kamba. Halafu msichana akaanza kuufuatisha wimbo kwa pua, taratibu, na hakukosea hata mahali pamoja. Bibi naye akaudakia. Wakawa wanaujua wote. Mmoja akajaza hewa mashavuni akawaigiza wapulizaji, na nyumba nzima ikaziba midomo kwa viganja ili vicheko visitoke nje.

Hemlata aliniuliza ninalia nini. Nilimwambia silii.

Nilikuwa nimekumbuka Newala. Midimu ilipokuwa ikitoka, wale wachezaji waliovaa sura za mti, sisi wanawake na watoto tulikuwa tunakimbia kwa mayowe, kwa sababu tuliambiwa si watu, ni wafu waliotoka ardhini. Mwaka mmoja nilimwona mdimu mmoja anatufukuza, na kwenye mguu wake mna kovu la shoka. Lile kovu nililijua. Nilikuwa nimelipaka mafuta mwenyewe, mguu wa mjomba wangu. Nikasimama nikamwambia mama yangu, yule ni mjomba. Mama akanishika mkono akasema kimbia, na tukakimbia, na yeye ndiye aliyepiga yowe kubwa kuliko wote. Sikumwelewa mpaka siku ile Upanga, nimekaa kwenye kochi la mtu.

Hemlata aliuzima mkanda akasema basi ndiyo hayo tu, Shaibu ametuvunjia benchi kwa ajili ya mlango uliofungwa. Akataka nikimbie nyumbani nikampe habari njema. Nikamshika mkono. Nikamwambia mimi sikufika hapa. Akaniangalia, nadhani akataka kuuliza, halafu akaitazama picha ya marehemu mumewe na hakuuliza. Tukakubaliana atamwita Shaibu yeye mwenyewe, amwambie ameutazama peke yake.

Ikawa hivyo. Jumanne alimwita. Shaibu hakuamini, akasema mwanamke asiyejua ngoma zetu anaweza kuiona filimbi akadhani ni bomba. Hemlata akaapa mbele yake kwa jina la Ravindra kwamba kamera ilibaki ndani na wanawake, mwanzo hadi mwisho. Akataka amwonyeshe, Shaibu akakataa. Hayo nilikuja kuambiwa na Hemlata. Mume wangu alirudi nyumbani, akala ugali wake, akanawa, akasema, "Kesho nitasema." Hakunieleza kwa nini amebadili mawazo. Asingeweza kunieleza, maana lilikuwa jambo la kiume, na mimi ni mwanamke. Nami nikajifanya nahangaika na taa.

Jumatano watu walisimama mpaka ukutani. Safari alikuja pia, akakaa nyuma amekunja mikono akisubiri kuitwa. Shaibu aliusemea mto, akausemea muhogo, akawasemea watoto, na ninaapa sijawahi kumsikia vile. Lakini sauti yake ilikuwa inakaza kila picha ilivyosogea, kwa sababu alikuwa amepewa neno la mtu tu, na neno la mtu laweza kukosea. Jua likateremka. Wanawake wa msituni wakaanza kuwaita watoto.

Shaibu akaniangalia. Kibandani walikuwamo wanawake wengi kuliko ninaoweza kuwataja, na macho yake yalikuja kwangu.

Nikainuka. Niliomba njia, nikakanyaga miguu ya watu, nikapita mbele ya Hemlata mlangoni bila kumtazama, nikatoka nje kwenye jua. Nikainama kwenye jiko langu nikaanza kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu. Mikokoteni ilikuwa inapita na magunia, wapagazi wanaomba njia. Kupitia mabati nikazisikia filimbi. Sauti ya Shaibu sikuisikia kabisa. Kwa muda wote ule alinyamaza, na hakuna aliyepiga mluzi. Kisha nikawasikia wanawake wa Kariakoo wakicheka, kicheko cha chini, cha watu walioziba midomo.

Nawaambia kabisa msihangaike: lori la kina Wilbert liliondoka Alhamisi, na Shaibu hakuwamo. Mkanda ule ulichezwa mpaka ukaanza kutoa mistari. Lakini siku ile mimi sikuwa na hakika ya lolote. Watu walipotoka walikuwa wanamsifu, Safari alipita bila salamu, na Shaibu akatoka mwisho, jasho linamtiririka. Akaja mpaka kwenye jiko langu.

"Mbona ulitoka?" akaniuliza.

"Si ulisema si yetu."

"Nilisema wiki ile. Leo hapakuwa na kitu, Mama Sitara. Ungekaa tu."

"Mimi ningejuaje?"

Alinitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nageuza vitumbua, na vingine nilivigeuza kabla havijaiva. Halafu akavuta ndoo ya maji iliyokuwa tupu, akaifudikiza, akakaa karibu na magoti yangu. Akaanza kunihadithia. Alinihadithia kwa ile sauti yake ya maikrofoni, lakini ndogo, ya kunitosha mimi peke yangu katikati ya mtaa. Akasema yule kijana alimpa dada yake kamera akatoka. Akasema bibi aliufunga mlango huku anatetemeka kwa hofu.

Bibi yule hakuwa anatetemeka. Alikuwa anacheka, nilimwona. Nikachukua kitumbua cha moto nikampa mkononi.

"Masikini," nikasema. "Halafu ikawaje?"